Alipoishia Janak

Kiswahili kina maneno mawili kwa nafasi iliyo wazi kati ya meno, na Mswahili hayachanganyi. Mwanya ni wa kuzaliwa nao, hukaa kati ya meno mawili ya juu ya mbele, na huko pwani husifiwa kuwa uzuri. Pengo ni la kupatwa nalo: jino lilikuwapo, sasa halipo, na mtazamaji hujiuliza limekwendaje. Asiyebakiwa na jino hata moja tunamwita kibogoyo, na ndani ya neno hilo mna mzaha kidogo, kana kwamba mtu hufika huko kwa kuzeeka tu, kama anavyoota mvi. Nakataa dhana hiyo, angalau kwa Uriri, katika Kaunti ya Migori, na kwa majirani zake wa Homa Bay. Vibogoyo wa sehemu hizo hawakuangusha meno kama mti uangushavyo majani. Meno yao yaling'olewa na watu, kwa sababu zilizojulikana, katika vipindi vinavyoweza kutajwa. Na leo, teknolojia ya kupandikiza skrubu za titani kwenye mfupa na kuzifungia meno bandia inapoanza kuzungumzwa hata mbali na Nairobi, daktari asiyeijua historia hiyo atapanga kazi yake vibaya, hata awe na mashine nzuri kiasi gani.

Uriri iko kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania, kati ya Awendo na mji wa Migori. Wadi zake zote tano zinachangia jina moja, Kanyamkago, zikitofautishwa kwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini na kati; nalo ni jina la Wajaluo waliokaa ardhi hiyo tangu kabla ya ukoloni. Wapo pia Waluhya waliohamia baadaye, na Wakisii na Wakuria hawako mbali. Mahali ambapo makabila yanapakana hivyo, mwili ulibeba kazi ambayo leo tunaiachia kadi ya kitambulisho. Wakisii na Wakuria walitahiri. Wajaluo hawakutahiri; wao, wanaume kwa wanawake, waling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini, yaani manne ya kukatia na chonge mbili za pembeni. Kitendo hicho kwa Kijaluo ni nak, na fundi wake aliitwa janak. Alikuwa na chuma bapa alichokiingiza kati ya jino na ufizi, akalilegeza jino, kisha akalitoa, moja baada ya jingine, huku kichwa cha mtoto kikiwa kimeshikwa na watu wazima. Kulia ilikuwa aibu. Wakati wake ulikuwa mwanzo wa ujana, na tukiangalia maumbile tutaona kwamba haungeweza kuwa mapema zaidi: chonge za chini za ukubwani huota kati ya miaka 9 na 11, kwa hiyo anayetaka kuondoa meno sita ya kudumu sharti asubiri yote sita yatoke. Kuchokonoa fizi za mtoto mchanga kwa imani ya "meno ya plastiki" ni jambo jingine kabisa, ingawa mara nyingi huwekwa kapu moja na nak.

Kwa nini walifanya hivyo? Jibu linalorudiwa sana ni pepopunda. Mgonjwa wa pepopunda hubanwa taya, hawezi kufungua kinywa, na pengo la mbele humwezesha kunyweshwa uji na dawa. Jibu hili linapendeza kwa sababu linaigeuza mila kuwa tiba, na huenda kweli kuna waliookolewa hivyo. Lakini kama sababu ya asili, halisimami. Wamasai na Wakalenjin, ambao nao wanatoka katika jamii kubwa ya Waniloti, walitoa meno mawili tu ya chini ya katikati, na mawili yanatosha kabisa kupitisha uji. Mjaluo alitoa sita. Ndugu zake wa mbali wa Sudan Kusini, Wadinka na Wanuer, nao wanajulikana kwa kutoa meno ya chini ya mbele, kwa kawaida mengi kuliko mawili. Kama kusudi lingekuwa kulisha mgonjwa, idadi isingetofautiana kwa kufuata mipaka ya makabila. Inatofautiana kwa sababu idadi yenyewe ndiyo ujumbe. Bethwell Ogot, katika historia yake ya Wajaluo wa kusini iliyotoka mwaka 1967, alionyesha kwa kulinganisha masimulizi ya koo jinsi watu hawa walivyoshuka kwa karne nyingi kutoka pande za Mto Nile hadi kuzunguka Ziwa Viktoria, wakichanganyika na kumeza wenyeji njiani. Jamii inayosafiri hivyo na kupokea wageni inahitaji alama ambayo mgeni anaweza kuipata na ambayo, akishaipata, hawezi kuirudisha. Lugha hujifunzwa na kusahauliwa. Jino likishatoka limetoka.

Mwisho wa nak ulikuja na watu waliokuwa wakitafuta alama nyingine. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Adventista, alifungua misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay, akifuatana na Peter Nyambo kutoka Nyasaland. Kutoka Gendia kazi ilienea kusini hadi Kamagambo, karibu na Rongo, mwendo mfupi kutoka Uriri; Wakatoliki nao wakajenga Asumbi. Vijana walioingia shule za misheni waliitwa jonanga, watu wa nguo, na jina hilo linafichua mengi: alama ya utu ilikuwa imehama kutoka kinywani hadi mgongoni. Pande zote mbili zilielewa kwamba hii ilikuwa siasa ya mwili. Waliofuata harakati ya Mumbo, iliyoanzishwa na Onyango Dunde mnamo 1913 na kusambaa Nyanza Kusini hadi Ukisii, waliambiwa wavae ngozi na waache nywele zikue, wakatae nguo za kizungu pamoja na dini yake. Mumbo ilizimwa na serikali. Nak yenyewe haikuzimwa kwa siku moja. Ilipungua nyumba kwa nyumba, kwanza kwa wasomi, kisha kwa watoto wa wasomi, kisha kwa waliokwenda kufanya kazi Kericho, Nairobi na Mombasa na kuona kwamba pengo lililowapa heshima kwao liliwaletea dhihaka kwa wenzao. Paul Mboya, aliyekuwa mchungaji wa Adventista na chifu wa Karachuonyo, alichapisha kitabu chake cha mila za Wajaluo mwaka 1938, na kuandikwa kwa kitabu cha namna hiyo ni dalili kwamba mambo mengi yaliyomo hayakuweza tena kuachiwa kumbukumbu peke yake. Baada ya uhuru, kijana mwenye pengo la sita alikuwa nadra. Baadaye akawa hayupo.

Wamisheni waliiita nak ushenzi, na hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu hukumu hiyo bado inarudiwa na wajukuu wa waliong'olewa. Uingereza iliyotuma wahubiri na maofisa hao ilikuwa yenyewe nchi ya vibogoyo. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa England na Wales mwaka 1968 ulikuta asilimia 37 ya watu wazima hawana hata jino moja. Hawakuwa wazee watupu. Wengi waling'olewa meno yote wakiwa vijana, mengine mazima, kwa sababu ya umaskini, ya hofu ya gharama za baadaye, na ya nadharia iliyovuma mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba meno ni kisima cha sumu inayoleta ugonjwa mwili mzima. Mwenezi wake mkubwa alikuwa daktari wa London, William Hunter, aliyehutubia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal mwaka 1910 na kulaani kazi za meno za wakati wake. Baada ya hotuba ile meno yasiyohesabika yaling'olewa kwa jina la sayansi. Janak alitoa sita na kuacha mengine yote yafanye kazi. Siitetei nak, maana mtoto hakuulizwa, na chuma kisichochemshwa kilikuwa hatari. Ninachosema ni kwamba kung'oa meno yasiyouma si ushenzi wa kabila moja, na kwamba hesabu ya madhara, ikifanywa kwa haki, haimwelekei janak peke yake.

Maana nak ilipokwisha, kung'oa hakukwisha. Kulibadilisha chombo na sababu. Miwa ililimwa Nyanza kwa viwanda vya Wahindi tangu ukoloni, lakini kwa Uriri badiliko kubwa lilikuwa kiwanda cha Sony cha Awendo, kilichoanza kusaga mwaka 1979. Shamba la mtama likawa shamba la miwa. Mabanda ya sukari nguru yakaota kando ya barabara. Chai ya maziwa yenye vijiko kadhaa vya sukari ikawa kifungua kinywa cha kila nyumba, mahali pa uji wa wimbi. Meno ya watu yakaanza kuoza kwa namna ambayo wazazi wao hawakuijua. Na aliyeoza jino alikwenda wapi? Kenya haikuwa na shule yake ya udaktari wa meno hadi Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha mwaka 1974, na waliohitimu walibaki mijini. Vijijini kulikuwa na zahanati, na katika zahanati kulikuwa na koleo. Kuziba jino kulihitaji umeme, mashine, dawa ya kuzibia na muda. Kung'oa kulihitaji ganzi na mkono wenye nguvu. Mgonjwa naye alikuja siku ambayo maumivu yalimzidi, si siku ambayo tundu lilikuwa dogo. Kwa hiyo gego la kwanza liliondoka, kisha la pili, na mzee aliyekwisha kupoteza sita kwa janak akajikuta anatafunia upande mmoja, halafu kwa fizi tupu. Huo ndio ung'oaji wa pili wa Uriri. Haukuwa na sherehe wala jina. Sioni aibu kuuita nao desturi, kwani ulirudiwa na kila mtu kwa namna ile ile, na hakuna aliyeuliza sababu.

Sasa tuingie kwenye mfupa. Mfupa unaoshika meno si sawa na mfupa mwingine wa taya: ule wa juu, unaozunguka mizizi, upo kwa ajili ya meno, na meno yakiondoka hauna kazi. Karibu nusu ya upana wa ukingo hupotea ndani ya miezi 12 baada ya kung'oa. Baada ya hapo upungufu huendelea polepole lakini haukomi. Antje Tallgren, mtafiti aliyewafuatilia wavaaji wa meno bandia kwa takriban miaka 25, alichapisha mwaka 1972 matokeo ambayo kila mwanafunzi wa fani hii huyajua: taya la chini hupungua kimo karibu mara nne kuliko la juu. Ndiyo maana seti ya juu ya meno ya plastiki hukaa vizuri, ikinyonywa na kaakaa, na ile ya chini huelea juu ya uzi mwembamba wa ufizi, ikisukumwa na ulimi kila mtu anapozungumza, hadi mwenyewe anachoka na kuiweka kwenye kikombe kabatini. Mkasa huo wa seti ya chini ndio ulioipa kazi ya vipandikizi sababu ya kuwapo. Per-Ingvar Brånemark, Mswidi, aliligundua jambo lake mwaka 1952 alipokuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani na akashindwa kukitoa, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka 1965 alimpandikizia Gösta Larsson, mgonjwa wake wa kwanza, na ikachukua hadi mkutano wa Toronto wa 1982 madaktari wa Marekani Kaskazini kukubali kwamba jambo hili ni la kweli. Kisha, mwaka 2002, wataalamu walikutana katika Chuo Kikuu cha McGill, kile kile alikohutubia Hunter miaka 92 nyuma, wakatoa tamko kwamba kwa mtu asiye na meno ya chini, seti ya kuvaa na kuvua inayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo iwe chaguo la kwanza, badala ya seti inayoelea.

Viwili hivyo hupandwa wapi? Mahali pa chonge, kulia na kushoto, mbele ya matundu mawili ambamo mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hutokea. Sehemu hiyo ya kidevu huchaguliwa kwa sababu mfupa wake wa msingi ni mgumu na hubaki hata ukingo ukiisha, na kwa sababu fundi hatahatarisha mshipa ule. Lakini chonge, kwa mzee wa Kanyamkago mwenye alama ya nak, ni jino la tano na la sita la janak. Kipandikizi kinatakiwa kuingia palepale chuma kile kilipoishia. Hili ndilo linaloifanya historia ya mila kuwa suala la upasuaji. Vitabu vya fani vinaeleza taya la chini la kibogoyo kwa kudhania mfuatano wa kawaida: magego huondoka kwanza, na chonge za chini huwa za mwisho kuondoka, ndiyo maana mbele huwa na mfupa mrefu kuliko nyuma. Kwa mzee huyu mfuatano umepinduliwa. Mbele ilikaa bila jino tangu utotoni, taya likiwa bado linakua, na kwa miaka 60 au 70 ukingo wa hapo haukuwa na kitu cha kushika. Nyuma magego yalidumu hadi koleo la zahanati. Mtu mwenye akili ya kawaida atatarajia ukingo mwembamba na mfupi kidevuni, wenye makali kama ya kisu, na mwinuko upande wa magego. Kipandikizi kilichopimwa kwa kitabu kinaweza kutobolea nje ya upande wa ulimi, ambako kuna mishipa ya damu ambayo ikikatwa sakafu ya kinywa huvimba na kuziba njia ya hewa. Hatari hiyo imeandikwa na inajulikana; ni nadra, lakini si ya kubahatisha kwa mzee wa miaka 80.

Msomaji makini atauliza: si kuna picha? Eksirei ya kuzunguka, inayotoa taya kwa upana, kimo na kina, inamwonyesha daktari mfupa ulivyo leo. Ana haja gani na janak? Pingamizi hili lina nguvu, na nusu yake ni ya kweli. Picha ni lazima, na hakuna masimulizi yanayochukua nafasi yake. Lakini picha huonyesha kiasi cha mfupa, haionyeshi kinywa kimeishije. Mtu ambaye hakuwa na meno ya chini ya mbele tangu ujana amefundisha midomo na ulimi wake kuishi na nafasi hiyo. Mdomo wa chini umeingia ndani. Ulimi umezoea kutandaa mbele hadi kwenye pengo na kuukuta mdomo. Meno ya juu ya mbele, yakiwa yamekosa ya kugongana nayo, hushuka na kutokeza nje, na kama bado yapo yanakula nafasi ambayo seti ya chini pamoja na vishikizo vyake inaihitaji. Vishikizo, plastiki na meno vinataka karibu milimita 12 kutoka ufizi hadi ncha za meno. Hapo mambo mawili ya nak yanapingana: ukingo mfupi unaongeza nafasi, meno ya juu yaliyoshuka yanaipunguza, na ni kipimo cha kinywani, si cha mfupa peke yake, kitakachoamua. Ndiyo maana mpango mzuri huanzia mwisho. Kwanza hupangwa meno kwenye nta, yakajaribiwa kinywani, mzee akasema maneno yake, akatabasamu, wanawe wakamwangalia. Kisha mpangilio ule ukageuzwa kuwa kielelezo cha kuelekeza picha na upasuaji. Anayeanza kwa kuhesabu skrubu amepanga nyumba kwa kuanzia misumari.

Lugha ni sehemu ya mpango huo. Kijaluo kina sauti mbili, th na dh, zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno ya juu, na jina lenyewe la lugha, Dholuo, huanza na moja yao. Kwa hiyo nak haikuwaharibia Wajaluo lugha yao, kwani iliacha meno ya juu. Lakini seti ya juu ikiwekewa meno mbele mno au nyuma mno, au kaakaa lake likiwa nene, mzee atajisikia mgeni katika lugha yake mwenyewe, na hakuna picha itakayomwonya daktari. Ni jambo dogo? Atakayeiacha seti hiyo kabatini hataliona dogo.

Kuna ushahidi kutoka mbali kwamba swali hili si la makumbusho. Wakimbizi wa Kidinka na Kinuer waliofika Nebraska, Marekani, baada ya vita vya Sudan, waliwaendea madaktari wa meno wakitaka kurudishiwa meno ya mbele ya chini waliyoondolewa kwa mila walipokuwa watoto. Watafiti wa Nebraska wameandika juu yao tangu miaka ya 2000: walilalamikia kula, kutamka Kiingereza, na macho ya watu kazini. Baadhi walirudishiwa kwa madaraja na vipandikizi. Wale walikuwa vijana, wenye meno mengine yote, na walikuwa wakifuta alama iliyowaumiza ughaibuni. Mzee wa Uriri yuko katika hali tofauti, na hapa ndipo sikubaliani na wanaodhani kila pengo linadai kuzibwa. Nani ameamua kwamba meno sita ya mbele lazima yarudi? Zipo sababu za kuyarudisha: seti ya chini isiyo na meno ya mbele haimsaidii kuuma, na mdomo ulioingia ndani humzeesha. Lakini mama aliyeolewa, akazaa na kuitwa nyanya akiwa na pengo lile huenda akikabidhiwa uso uliojazwa sita nyeupe akajiona amevalishwa uso wa mtu mwingine. Ni yeye wa kuulizwa. Inawezekana kabisa kupanga meno madogo, yenye rangi ya umri wake, yaliyowekwa nyuma kidogo. Aliponyang'anywa meno hakuulizwa, wala na janak wala na zahanati. Mara ya tatu aulizwe.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Kaunti ambayo watu wake wengi hulima vipande vidogo vya miwa, tumbaku na mahindi, na ambayo pamoja na Homa Bay inabeba mzigo mkubwa wa virusi vya ukimwi, itazungumzaje titani? Sitajibu kwa kusema kwamba bei itashuka. Ninajibu kwamba kupanga si sawa na kupandikiza, na kwamba mpango mzuri mara nyingi huishia kwenye uamuzi wa kutopandikiza. Mzee mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji sigara mkubwa, au asiye na mtu wa kumsaidia kusafisha, hafai kwa sasa. Mwenye virusi anayemeza dawa zake na hali yake ikiwa nzuri hana sababu ya kukataliwa kwa sababu ya virusi peke yake. Kwa wengi seti mbili za plastiki zilizopimwa kwa uangalifu zitatosha, na vipimo vilevile vya nta, vya nafasi na vya sauti ndivyo vinavyozifanya zitoshe. Kwa wachache wenye uwezo, au wenye watoto wenye uwezo, vipandikizi viwili vitakuwa bora kuliko vinne au sita: ni nafuu, hutengenezeka vikiharibika, na seti inayovuliwa husafishwa na mjukuu juu ya beseni. Daraja lililofungwa kwa skrubu, kama lile lililotangazwa na Mreno Paulo Maló, lenye vipandikizi vinne na viwili vya nyuma vikiwa vimelazwa, ni kazi nzuri mjini kwa mtu anayeweza kurudi kliniki. Aliyeko Kanyamkago Mashariki akilegea skrubu moja wakati wa mvua ndefu atakaa nayo.

Lipo na pingamizi la mwisho, la wakati: wenye nak wamebaki wachache, na baada ya miaka kadhaa hatakuwapo hata mmoja. Ni kweli. Lakini sababu hiyo inanielekeza upande mwingine. Mwenye alama ya nak ni kielelezo cha wazi cha jambo linalowahusu wote waliong'olewa na zahanati: kwamba kila pengo lina mwaka wake, mkono wake na sababu yake, na kwamba mfupa ulianza kupungua siku ile, si siku mgonjwa alipoingia kliniki. Kadi za wagonjwa huandika meno yaliyokosekana kwa msalaba, basi. Kwa nini tusiandike na mwaka? Gego la kushoto, 1994, zahanati. Chonge zote mbili, ujana, nak. Mistari miwili ya wino inatosha kumwambia mpasuaji kwamba kidevu kina miaka 65 bila kazi na kwamba upande wa nyuma una 30 tu. Ni kazi isiyohitaji mashine, na wanaoweza kuisimulia wapo hai.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa maofisa wa afya ya kinywa na madaktari wa meno wa Migori na Homa Bay. Anapokuja mzee mwenye pengo la mbele chini, kabla ya kumlaza kwenye kiti, kabla ya picha, mwulizeni kwa heshima, kwa lugha yake, nani aliyemng'oa na alikuwa na umri gani, mwandike anachosema, mlitunze jalada hilo pamoja na kielelezo cha taya lake. Waliokaa mikononi mwa janak hawazidi kuongezeka, na mataya yao yakishafukiwa hayatasomwa tena.